Uma Usiolia

Nilifika Bagamoyo nikikokota baiskeli niliyopaswa kuipanda. Safari ilianzia Makambako, juu ya lori la vitunguu. Baiskeli imefungwa kamba juu ya magunia, mimi nimejilaza ubavuni mwake, na harufu ya vitunguu ikanikaa nguoni kwa siku nyingi baadaye. Tulishuka Kitonga taratibu, breki zikilia njia nzima. Mikumi tuliipita nikiwa nusu usingizini. Ubena tulipita jua likichomoza, na muda si mrefu dereva akanishusha Chalinze, katikati ya malori yaliyoegeshwa na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi na mayai ya kuchemsha. Hakuniuliza naenda wapi. Angeuliza nisingekuwa na jibu. Kazi yangu ni kuandika mabango: majina ya maduka, saluni na gereji, ukutani au kwenye bati. Kazi hiyo haina kwao. Rangi ikishakauka, hakuna kinachokushikilia.

Niliipanda baiskeli hadi Lugoba. Hapo mbuzi alikatiza, nikamkwepa, gurudumu la mbele likaingia mtaroni na uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ukajikunja kwa nyuma mpaka tairi likawa linakwangua fremu. Kutoka hapo nilitembea. Nililala Msata, barazani mwa msikiti. Nikalala tena Kiwangwa, kwa mkulima wa mananasi aliyenipa chakula na kunisimulia kesi yake ya mpaka wa shamba mwanzo hadi mwisho. Nilipoingia Bagamoyo kiatu kimoja kilikuwa kimekwisha kisigino. Nikamuuliza mama mmoja muuza vitumbua fundi baiskeli anapatikana wapi.

"Nenda kwa Fundi."

"Fundi yupi, mama?"

"Fundi," akasema, kama mtu aliyeulizwa bahari iko upande gani.

Nilikaa katika mji huo miaka mingi kuliko mji wowote tangu nilipomaliza kidato cha nne, nikitoka na kurudi, na sikupata kusikia mtu akimwita jina jingine. Imamu alimwita Fundi. Mkewe alimwita Fundi, hata alipokuwa akimgombeza. Yeye naye aliniita Mgeni siku ile ya kwanza na hakubadilisha. Mabango niliyoyaandika yalipauka, nikaitwa kuyaandika upya, na bado nilikuwa Mgeni.

Siku ile hakuniuliza kilichotokea. Aliipokea baiskeli, akaigeuza magurudumu juu, akachukua spana na kuugonga uma mara moja, sikio lake likiwa karibu kama mtu anayeambiwa siri. Chuma kikalia. Akausikiliza mlio mpaka ukaisha wote.

"Haujavunjika," akasema. "Umeudhika tu. Umetoka wapi, Mgeni?"

"Mbali, Fundi."

"Mbali hakuna jina?"

Aliunyoosha kwa kuuchomeka katika tundu la ukuta wa banda lake na kuuvuta kidogokidogo, akigonga, akisikiliza, akivuta tena. Aliporidhika aliurudisha mahali pake. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye nilimwona akilifanya kwa kila baiskeli iliyotoka kwake: aliugonga uma kwa spana, akasubiri mlio, ndipo akasema, "Nenda." Bila neno hilo hukuondoka. Watu waliokuwa na haraka walijifunza kungoja.

Hiyo ndiyo habari yake yote, na ni afadhali niiseme mapema. Mtu huyu alifanya kazi kwa sikio. Alipokuwa akipigilia vikombe vya gololi kwenye shingo ya fremu, vile vinavyoushika uma ili usukani ugeuke laini, alipiga nyundo huku amefumba macho. Kikombe kisipokaa, nyundo inatoa sauti yenye uwazi ndani. Kikishakaa, sauti inajaa. Hapo anaacha. Pigo moja zaidi na shingo inapasuka. Njiti za magurudumu alizipima kwa kuzidonoa kwa kucha. Na katika miaka niliyomfahamu, sikio hilo lilikuwa likimwacha kidogokidogo, naye alikuwa akificha.

Alificha vibaya. Redio yake ilisikika hadi kituo cha mabasi, na alipoulizwa alisema betri ni mbovu. Alilalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. "Zamani mtu akikusalimia unajua umesalimiwa," alikuwa akisema. "Siku hizi wanasalimu kama wanaiba." Msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele tangu zamani, sasa adhana ikilia hakuinuka bandani mpaka amwone muuza kahawa wa ng'ambo ya njia anafunika birika lake. Alifunga kioo cha pikipiki kwenye nguzo ya banda, kikitazama njia iliyo nyuma yake. Kwa ajili ya wezi, alisema. Kilichokuwamo cha kuibiwa ni rundo la minyororo yenye kutu. Kioo kile kilimwonyesha nani anakuja, ili ageuke mapema na kusema "karibu" kabla hajasemeshwa.

Jirani na banda palikuwa na kijiwe cha bodaboda, na mkubwa wao aliitwa Athumani, mtu wa maneno mengi, baba wa watoto watatu ambaye bado alisuka nywele. Yeye na Fundi walitukanana tangu asubuhi hadi alasiri, wakisimama kwa ajili ya sala tu.

"Mzee, uza hizo baiskeli ununue jeneza," Athumani angesema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Dunia inakwenda kwa injini."

"Injini yako ikizima unaisukuma," Fundi angejibu. "Sasa nani kati yetu anatembea?"

"Lakini mzee baba, wewe mwenyewe baiskeli hupandi."

Hapo alimpata. Fundi hakupanda baiskeli. Alikwenda msikitini kwa miguu, sokoni kwa miguu, na siku aliyoitwa shambani Zinga kumzika shemeji yake alipanda basi. Nilipomuuliza aliniambia kwamba anayepika hushiba kwa kuonja. Siku nyingine aliniambia ana kizunguzungu. Siku nyingine alisema kweli, nadhani: alijua sana yanayoweza kukatika.

Yalikuwa na mizizi hayo. Zamani, kabla sijafika, alikataa uma mmoja aliouona na ufa, akautupa nyuma ya banda kwenye vyuma chakavu. Mtu akauokota, akaupaka rangi, akauza. Ukaishia kwenye baiskeli ya muuza mikate aliyekuwa akipeleka mikate Makofia kila alfajiri. Ulikatika kwenye mteremko. Muuza mikate hakufa, ila hakuuza mikate tena. Alikuwa akionekana barazani kwake, taya limepinda, anasalimia wapita njia kwa kuinua mkono. Hakuna aliyemlaumu Fundi. Lakini tangu hapo alikuwa na sheria. Kitu alichokitilia shaka alikikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma kabla hakijatoka mikononi mwake. "Chenye shaka hakitoki hapa kizima," alisema. Niliwaona watu wakimsihi waondoke na vyuma vyao wakavitumie hivyohivyo. Alikata huku wakimtazama.

Na alikuwa na majivuno. Sitaki mtu afikirie namsimulia walii. Alikataa katakata nimwandikie bango, kwa kuwa, alisema, bango ni la mtu asiyejulikana. Aliwadharau mafundi wote wa Dar bila kuwaona hata mmoja. Alisema "kesho" kwa urahisi kuliko mtu yeyote niliyemjua, kisha akikukuta umechelewa alikuhutubia juu ya thamani ya wakati. Chai ya banda alikunywa peke yake. Mtu akimpa sifa alijifanya hakuzisikia, akamwomba arudie. Mwanzoni ulikuwa utani, baadaye sikuweza kujua.

Mwaka wa mwisho aliharibu shingo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijana muuza dagaa. Ya pili ya mwalimu wa shule ya msingi. Alipiga nyundo, sauti ikajaa, akaendelea kupiga. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikichanganya rangi, nikasikia mlio ukibadilika waziwazi, nikainua kichwa kumtazama. Macho yake yalikuwa yamefumbwa kama siku zote, uso umetulia. Alikuwa akingoja sauti iliyokwisha kupita. Shingo ikapasuka kwa mlio mdogo mkavu, na huo pia hakuusikia. Ufa aliuona tu alipofumbua macho. Alisema fremu za siku hizi ni bati tupu. Athumani, ambaye angeweza kumla mzima kwa jambo kama hilo, alitazama pembeni na kuanza kufuta kioo cha pikipiki yake.

Wakati huo mimi nilikuwa na taabu yangu. Viganja vilikuwa vinakufa ganzi. Uma wangu wa chuma, ule ulionyooshwa, ulinipelekea kila jiwe la barabara mikononi, na nikifika mahali pa kazi ilinibidi ningoje mpaka vidole virudi ndipo nishike brashi. Herufi zangu zilianza kuyumba. Mwenye duka mmoja wa Mapinga aliniuliza kwa upole kama ninakunywa. Nilijua nimekaa Bagamoyo kupita kiasi, nilitaka kwenda kaskazini, Segera, Korogwe, labda Tanga, lakini kwa mikono ile nisingefika na kazi.

Ndipo katika rundo la baiskeli za mitumba kule Dar nilipoupata uma wa kaboni. Mweusi, mwepesi kama mfupa wa ngisi, umepigwapigwa rangi lakini hauna kovu. Kijana aliyekuwa akiuza alinieleza kwamba kaboni inameza mtikisiko. Mikono haijui kama kuna mawe. Nikapata na vikombe vipya vya gololi vinavyoingia kwenye shingo ya fremu yangu. Nilimpelekea Fundi vyote vikiwa vimefungwa katika kanga ya zamani, kama mtu anayepeleka posa.

Akaufungua. Akaupima mkononi, akaugeuza. Kisha akachukua spana na kuugonga.

Ulisema *tup*. Hakukuwa na mlio wowote wa kusubiri.

Akagonga tena, akasogeza sikio. *Tup*. Aliutazama muda mrefu.

"Kitu hiki hakisemi," akasema.

"Kinameza mtikisiko, Fundi. Ndiyo kazi yake."

"Basi kinameza na sauti. Kitasemaje siku kikiumwa?" Akaufunga tena ndani ya kanga. "Njoo kesho."

Nilikwenda kesho, na kesho ya kesho. Mara ya kwanza alikuwa hana kipande cha bomba cha kupigilia vikombe. Mara nyingine alisema msumeno umekuwa butu, na bomba la uma ni refu, lazima likatwe. Halafu ikawa Ijumaa. Halafu mvua. Baiskeli yangu ilikuwa imefunguliwa, imening'inizwa kwenye boriti kama ng'ombe aliyechunwa, na mimi nilikuwa nimekwisha kuaga karibu kila aliyenidai salamu. Nilichoka. Nilianza kuamini hataki niondoke, jambo lililonifurahisha kidogo, halafu nikaamini anaogopa kitu kipya kama wazee wote, jambo lililoniudhi. Asubuhi moja nikaamua kwenda nyumbani kwake nichukue vyangu nitafute fundi mwingine.

Nilipiga hodi langoni. Nikapiga tena.

"Karibu, baba," akaitikia mkewe kutoka uani.

Niliingia nikamkuta Fundi ameketi kwenye kibao cha mbuzi, mgongo kwangu. Uma mweusi ulikuwa magotini mwake. Alikuwa ameng'ata mpini wa mti wa bisibisi, na ncha ya bisibisi ameigandamiza kwenye uma, macho amefumba. Mkewe alikuwa ameinama mbele yake, mwanamke mnene mwenye subira haba, ameivua pete yake ya fedha na alikuwa akiugonga uma kwa pete hiyo, akihama kidogokidogo kutoka ncha kwenda juu. *Tak. Tak. Tak.* Alinitazama, hakuacha kugonga.

Nilielewa nilichokuwa nakiona, nikatamani ningebaki langoni. Alikuwa akisikiliza kwa meno.

Alipofumbua macho akamwona mkewe ananitazama, akageuka. Akaitoa bisibisi kinywani polepole na kuipangusa kwa msuli aliojifunga.

"Mgeni. Umeingia bila hodi."

"Shikamoo, Fundi. Nimepiga hodi."

"Amepiga," mkewe akasema. "Na mimi nimemkaribisha. Wewe ndiye husikii."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa mbele ya mtu. Kuku walipita miguuni pake.

"Athumani anajua?" Fundi akauliza.

"Fundi, mji mzima unajua. Tangu Ramadhani ya juzi. Wanakusitiri tu. Unadhani yule mtoto wa watu anapiga kelele vile kwa kuwa hana adabu? Anapaza sauti upate kujibu."

Nikawakumbuka wote wawili wakitukanana, na jinsi ambavyo Athumani aligusa kila kitu cha mzee yule, ndevu, banda, miguu, uzee, na hakuwahi kugusa masikio.

Fundi akaniashiria nikae kwenye mkeka.

"Chuma nakisikia kwa meno," akasema. "Kinapita kwenye mfupa. Nimejaribu hapa nyumbani, nakisikia vizuri kuliko zamani. Pale bandani sithubutu, watanicheka. Lakini chuma nakijua. Huu siujui. Kila siku mama huyu ananigongea, nasikia kitu kimoja, nasema ni mzima. Halafu nafikiri: mzima kwa kulinganisha na nini? Labda sisikii uma. Labda nasikia meno yangu." Aliutazama. "Nikikuambia 'nenda' na sijui, nitakuwa nimesema nini?"

Hasira yangu ilikuwa imekwisha. Mkewe akanitupia pete.

"Gonga wewe," akasema. "Mimi mkono umechoka."

Niligonga. Fundi aling'ata bisibisi, akafumba macho. Nilianza kwenye ncha za chini, miguu yote miwili, nikipanda. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, ile ile, hatua kwa hatua. Nilipofika juu, pale miguu inapokutana na kuingia kwenye bomba, ikabadilika. *Tup*. Nikarudi chini: *tak*. Juu: *tup*.

"Hapa sauti imekufa," nikasema, nikamwonyesha kwa kidole kwa sababu hakuwa amenisikia.

"Rudia."

Nikarudia. Alihamisha ncha ya bisibisi, akasikiliza, akahamisha tena.

"Mimi hapa nasikia uzima," akasema. "Mama?"

"Mimi nasikia pete," akasema mkewe.

"Mgeni, una hakika?"

"Sina hakika, Fundi. Nasikia tu."

Aliuweka uma chini. Alikwenda ndani akarudi na msumeno wa chuma, akakaa nao mapajani. Hakuanza kukata. "Ni mali yako," akasema. "Nikate?"

Nilitazama viganja vyangu. Niliona barabara ya Segera, mawe yake yote. Nikamwona na muuza mikate barazani kwake, anainua mkono. Ningeweza kusema sauti haikubadilika, kwamba nimekosea, na yeye angekubali, maana sikio lilikuwa langu. Nilichoka hata kufikiri.

"Kata," nikasema.

Mkewe aliumwagia uma maji ili vumbi lisiruke, na Fundi akajifunga leso puani. Alikata pale pale nilipoonyesha. Maji meusi yalichuruzika mchangani. Msumeno haukuwa na sauti ya kazi, ulikuwa kama unakata pembe. Vipande vilipoachana alivisuuza, akavigeuza juani.

Ukuta wake ulikuwa mweusi, umejaa, unang'aa kama mpingo uliopigwa msasa. Hapakuwa na ufa wala uwazi, hata unywele. Pale juu ulikuwa mnene, na kwa ndani, kuelekea miguuni, ukazidi kuwa mwembamba. Unene ndio uliokuwa umeifisha sauti. Fundi alipitisha ukucha kuzunguka mkato, mara moja, mara mbili.

"Mzima," akasema.

Mkewe alisema, "Ya Rabi," akaenda kuangalia moto wake.

Uma bora kuliko wote uliowahi kuingia katika mji ule, na miezi ya ganzi ambayo ungeniondolea, vilikuwa vipande viwili juu ya mkeka, na shoka lilikuwa sikio langu.

"Ulisikia ni mzima," nikamwambia. Sikupaza sauti, ilibidi niseme tena. "Ulisikia. Mbona hukunibishia?"

"Anayepanda ni wewe." Alikuwa bado anavigeuza vipande. "Nikikosea mimi, unaanguka wewe. Ukikosea wewe, unaharibika uma. Hapo pana ubishi gani?"

Kisha uso wake ukabadilika. Nilimwona akilipata jambo ambalo mimi, katika kujihurumia kwangu, sikuwa nimeliona. Alisikia ni mzima, na ulikuwa mzima. Mahali ambapo sikio langu zuri lilidanganyika, meno yake hayakudanganyika. Akasema, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, sauti iliyovuka ukuta mpaka kwa majirani:

"Bado nasikia."

"Tumesikia," mkewe akajibu kutoka jikoni.

Siku ya pili yake aliifanya kazi ya baiskeli yangu bandani, mchana, mbele ya kijiwe chote. Aliutoa uma wa zamani wa chuma chini ya benchi na kuupaka grisi. Vikombe vipya alivipangusa kimoja kimoja. Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akang'ata mpini, akaigandamiza ncha kwenye fremu na kuinua nyundo.

Bodaboda wote waligeuza vichwa. Nilidhani Athumani atatazama pembeni tena. Akaja akaishika fremu kwa mikono miwili isiyumbe.

"Mzee, leo unakula baiskeli?" akauliza karibu na sikio lake.

Fundi alitoa bisibisi kinywani. "Nakula. Ikiisha, mboga ni wewe."

"Noma sana. Nina mifupa mitupu."

"Ndiyo nzuri. Mfupa unapitisha sauti."

Akaing'ata tena. Akapiga. Nilikuwa nikisikiliza pamoja naye, na kijiwe kizima nadhani kilikuwa kikisikiliza: sauti yenye uwazi, tena, tena, halafu ikajaa. Nyundo ilikuwa hewani. Akaishusha kando, taratibu, akageuza fremu upande wa pili kwa kikombe cha chini. Pale pia aliacha mahali pa kuacha. Akauingiza uma, akakaza, akashika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye kiungo, kuona kama kuna kucheza. Hakukuwa na kucheza. Mwisho akachana mpira wa ndani wa tairi kuukuu kwa wembe, akauzungusha kwenye vishikio vya usukani, tabaka juu ya tabaka, mpaka vikawa vinene kama mihogo.

"Si kaboni," akasema, bila kunitazama.

Niliondoka Bagamoyo asubuhi iliyofuata. Nilipita bandani na brashi zangu zimefungwa nyuma na kopo la rangi nyeusi likining'inia. Mkewe alikuwa amemletea chai. Niliona ameshika kile kipande cha uma chenye miguu, anakitumia kufunulia sufuria ya moto, maana hakishiki joto. Nilimpa Fundi shikamoo, akaitikia marahaba kabla sijamaliza, alikwisha kuniona kwenye kioo. Aliugonga uma kwa spana. Ukalia, mrefu, ule mlio wa siku ya kwanza. Aliinama akaweka meno kwenye ncha ya usukani, mbele ya watu, kama mtu anayembusu mtoto, akakaa hivyo mpaka chuma kikanyamaza chote.

"Nenda," akasema.

Nilipanda. Nilipofika mahali njia inapokuwa nyembamba, kabla ya kona ya kwenda Makofia, nilihisi sikuaga sawasawa, nikageuka nikapaza sauti, "Kwa heri, Fundi."

Alikuwa amekwisha kunipa mgongo, ameinamia gurudumu la mtu mwingine, na hakusikia. Nikainua mkono. Katika kile kioo cha kwenye nguzo pakatokea kitu kinachong'aa: bila kugeuka, aliinua spana.